Kabla ya Ufunguo

Saa kumi na nusu alfajiri, nje ya Ibri,
jiwe bado lina joto la jana.
Kwetu Korogwe mashine hii tunaiita kijiko,
na kweli inakula: kilima kizima
kwa miezi minne, bila chumvi.
Lakini kijiko hakianzi na mdomo.
Kinaanza na miguu yangu. Nakizunguka
kulia, kisha kushoto, tochi mkononi,
kama mtu anayemtafuta mbuzi wa jirani.

Mipira ya haidroliki naipitishia kipande cha boksi,
si kidole. Tundu la ncha ya sindano
hurusha mafuta yakapenya ngozi usiyaone,
na Shafiqul, aliyenifundisha hilo,
husalimia watu kwa mkono wa kushoto.

Nahesabu meno ya ndoo: matano.
Jana yalikuwa matano. Nahesabu hata hivyo.
Maji. Oili. Mnyororo wa kushoto umelegea
kama mkanda wa suruali kumi la mwisho la Ramadhani;
nauandika.
King'ora cha kurudi nyuma kinalia,
na mbwa wa machimboni anakiitikia.

Kisha napiga magoti,
kwa sababu chini ndiko wanakolala watu.
Mwezi wa sita, tangu saa sita na nusu mpaka tisa na nusu,
amri ni kwamba kazi ya juani isimame,
na hapa kivuli ni kimoja tu, cha chuma.
Leo nakuta boksi lililokunjuliwa,
lina alama ya mabega,
na ndala moja ya bluu.
Naita kwa Kiarabu. Naita kwa Kihindi changu cha kuokoteza.
Mwisho naita kwa Kiswahili,
maana hofu husema lugha ya kwao.
Kimya.
Ndala naiweka juu ya jiwe, ionekane.

Fomu ina visanduku thelathini na vinane.
Vyote nimevitia alama
Thuraya binti Mselem anaposhuka garini,
kofia ngumu juu ya shungi.
Bibi yake alizaliwa Wete;
Kiswahili chao kimekaa sandukuni miaka sitini
na hakijapauka.
"Mbwana, umelala saa ngapi weye?"
"Salama," namwambia.
Neno ni moja, kwake na kwangu,
limepigwa rangi ya manjano pale getini.
"Sikukuuliza hali. Nimekuuliza saa."

Tangu saa nne simu ilikuwa sikioni.
Semkiwa ana homa, mwaka wa pili huu anaanza kusema,
na mama yake alimsogezea simu kifuani
nisikie anavyopumua.
Nikazihesabu pumzi.
Saa nane vocha ikaisha,
nikaendelea kuhesabu.

Hakuna kisanduku cha hilo.
Ufunguo umeshashika joto la kiganja changu.
Siku moja bila kijiko ni riyali saba,
na duka la dawa halipokei salama.
Hapo anatokea kijana mwembamba, mguu mmoja pekupeku,
anaiona ndala yake, anacheka,
anaivaa bila kujua tumeshamwita
kwa lugha tatu.

Nikatoa ufunguo.

Thuraya hakunisifu. Alipindua fomu,
chini ya kisanduku cha mwisho akachora kingine,
kimepinda, akaandika: dereva.
Akakiacha kitupu.
Kisha akanipa simu yake.
"Piga kwanza. Kisha ulale."

Naelekea kontena la kulala, jua linachomoza vibaya.
Nyuma yangu Ghasib, mwanafunzi wa mwezi wa tatu,
anakizunguka kijiko kwa tochi asiyoihitaji tena.
Namsikia: wahid, ithnein, thalatha.
Nimeshayahesabu.
Anayahesabu.